Mashine Iliyoukata Mtetemo wa Mama Mkasi

Kumekucha, chai imeshamiminwa, lakini hakuna aliyeigusa. Katika chumba cha mbele, mkeka wa plastiki wenye gundi nyepesi unaingia mdomoni mwa mashine, unatoka, unaingia tena. Juu yake imebandikwa karatasi ngumu ya manila, rangi ya maziwa. Kisu chembamba kama ncha ya sindano kinapita huku na huku kwa sauti ya panya anayeguguna kwa adabu.

Mwanamke aliyeketi kwenye kigoda kando ya meza haitazami mashine. Anaisikiliza. Macho kayafumba nusu. Mkono wa kulia kaulaza mapajani, na wa kushoto kaufunika juu yake, kama mtu aliyemshika mtoto asiyetulia.

"Hapo," anasema ghafla. "Kisu kimechoka. Sikia kinavyovuta."

Mkamwana wake, mke wa mwanawe wa kwanza, anabonyeza kitufe. Mashine inanyamaza. Anachomoa kisu na kukiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hakijachoka, mama. Kimenasa unyoya wa karatasi tu."

"Basi kimepaliwa. Kipigepige mgongoni kiendelee na kazi."

Wote wawili wanacheka. Kisu kinapulizwa, kinarudishwa mahali pake, na mashine inaendelea pale ilipoachia. Muda si mrefu mkeka unatoka nje kabisa. Mama Mkasi anauinamisha na kuubandua taratibu kutoka chini ya karatasi, na juu ya meza linabaki jani lenye matundu mengi kama wavu, kadi ya mwaliko wa harusi ambayo mwenyewe atakuja kuichukua pamoja na zile nyingine kesho kutwa.

Mama Mkasi ndilo jina lake mtaani. Watoto humwita hivyo, wenye maduka humwita hivyo, na mumewe, fundi cherehani aliyestaafu, naye akimwulizia kwa majirani humwulizia kwa jina hilohilo. "Jina nililopewa na wazazi wangu nalitumia hospitali tu," anasema. "Wakiliita, mara ya kwanza huwa siitiki. Nadhani ni la mgonjwa mwingine."

Ana miaka hamsini na minne. Zaidi ya nusu ya miaka hiyo kaimaliza akikata karatasi.

Aliianza kazi akiwa msichana, katika kiwanda cha kuchapa vitabu, kwenye chumba cha kumalizia, ambako kazi ilikuwa kukunja, kushona na kunyoosha kingo. Kiwanda kilipofunga milango, wenzake kila mmoja alishika njia yake. Yeye aliondoka na mkasi mrefu aliopewa na msimamizi wake, pamoja na tabia ya kutoweza kutupa karatasi.

"Karatasi ina mwelekeo wake, kama ubao," anaeleza. "Ukiikunja kinyume haikwambii kitu siku hiyo. Inakusubiri mbele ya safari."

Akiwa na mtoto mgongoni, alianza kukata maua ya kadi za harusi. Yakaja mapambo ya keki, herufi za kubandika madarasani, na mapazia ya karatasi ya kuning'iniza kumbini. Hakuwa akichora kwanza. Alikunja karatasi mara tatu nne, akapitisha mkasi bila kusita, kisha akaifunua. Wateja walipenda kusimama mlangoni kusubiri kufunuliwa huko. Wengine walishika pumzi.

"Hata mimi sikuwa najua kwa hakika kitatoka nini," anasema. "Najua ni ndege, lakini sijui ni ndege wa namna gani mpaka afunguke."

Hivyo ndivyo alivyosomesha watoto watatu. Na hivyo ndivyo alivyodhani atazeeka.

Mtetemo ulianzia kwenye kijiko. Asubuhi moja sukari ilimwagika kabla haijafika kikombeni. Akasema ni uchovu. Kesho yake ikamwagika tena.

"Nikaacha sukari," anasema, na hapa anacheka mpaka anafuta machozi. "Nikawaambia watu daktari kanikataza. Daktari yupi? Sikuwa nimemwona daktari yeyote. Nilikunywa chai chungu miezi mizima kwa sababu ya kuona haya mbele ya kijiko."

Mkasi ulikuwa haufichiki kama kijiko. Kwenye mstari ulionyooka mkono ulitii. Ulipofika kwenye kona, pale mkasi unapotakiwa kugeuka kwa upole kama mtu anayempisha mgeni mlangoni, uliruka. Jani moja likakatika. Kisha la pili. Alikuwa na kazi ya kadi mia mbili za harusi, na kila jioni alizikusanya zilizoharibika na kuzisukuma chini ya kitanda.

Aliyezikuta ni mkamwana wake, siku aliyoingia kufagia.

Mkamwana huyo, mwanamke mtulivu wa miaka thelathini na moja, alikuwa ameishi katika nyumba hiyo miaka miwili. Mumewe ni dereva wa malori ya safari ndefu, na mara nyingi hayupo. Kabla ya hapo alifanya kazi katika duka la kuchapa fulana na kukata stika, mpaka mwenye duka alipohamia mji mwingine. Yeye na mavyaa wake hawakuwahi kugombana. Lakini pia hawakuwa wamezoeana. Adabu yao ilikuwa kama ya sahani za wageni, zinazotolewa, zinazofutwa na kurudishwa kabatini bila mtu kuzilia.

"Nilikaa sakafuni na zile karatasi," anakumbuka mkamwana. "Rundo la kujaza gunia. Nikaona zote zimeharibikia palepale, kwenye mzunguko. Nikajua mtu huyu anaumia na hana wa kumwambia."

Wakati wa chakula aliutazama mkono. Asubuhi akavaa viatu, akamwambia mama mkwe wake, "Twende hospitali."

"Nani mgonjwa?"

"Karatasi zilizo chini ya kitanda."

Mama Mkasi aliinuka. Kisha akaenda kuchukua mtandio.

Daktari alimpima, akamwambia anyooshe mikono, ashike kalamu, achore mduara. Mkono wa kushoto ulikuwa umetulia. Wa kulia ulichora kitu kama ukingo wa kifuniko cha soda. Daktari akamweleza kwa upole kwamba dawa ingepunguza, lakini isingeondoa. Huo si ugonjwa wa kuua, alisema, ila ni wa kukaa.

Kazi ya zile kadi ilibidi irudishwe. Mama wa bibi harusi alizipokea karatasi zake kwa uso wa kununa, akazipeleka kwingine. Maneno hayana miguu lakini hutembea; haukupita muda mrefu kazi zikapungua mpaka zikawa hazifiki theluthi ya zile za zamani. Mumewe, kwa nia njema, alimwambia apumzike.

"Nikamjibu, kupumzika ni kwa aliyechoka," anasema Mama Mkasi. "Mimi sijachoka. Mimi natetemeka."

Alijaribu mkono wa kushoto. Anasema alikata kama mtu anayetafuna.

Ni mkamwana aliyelitamka neno mashine kwa mara ya kwanza. Alikuwa anaanua nguo uani, akalisema akiwa nusu ameficha uso nyuma ya shuka. Alieleza kwamba kuna mashine ndogo za mezani zinazokata kwa kompyuta: unachora, mchoro unaingizwa kwenye programu, na kisu kinaufuata. Alizitumia dukani kwa stika. Zipo zinazokata hata karatasi ngumu, kitambaa na ngozi laini.

Mama Mkasi aliendelea kukunja nguo.

"Ukiileta hiyo mashine," akauliza mwishowe, "mimi nitakuwa nani humu ndani?"

"Utakuwa mama."

"Mama wa nini? Mkasi utakuwa umekwisha."

Hakuna aliyeongeza neno siku hiyo. Lakini wazo lililokwisha kutamkwa ni kama kuku aliyeingia ndani, hata ukinyamaza utamsikia. Wiki iliyofuata mzee aliiuza cherehani yake kubwa, ile ya kushonea mapazia, iliyokuwa imelala chini ya kitambaa tangu aache kazi. "Inalala tu kama mimi," alisema, "bora mmoja wetu aamke." Mkamwana akaongeza akiba yake ya dukani. Zilipounganishwa zikawa za kutosha mashine moja na kompyuta ndogo iliyotumika. Moja tu, wala hapakuwa na nafasi ya kukosea.

Duka la kwanza lilikuwa katikati ya mji, lenye vioo na sakafu inayoteleza. Mashine yenyewe ilikuwa nzuri ya kuiposa: nyeupe, kingo za mviringo, taa ya samawati iliyowaka ukiigusa. Muuzaji, kijana mchangamfu, aliwafungulia programu yake. Maua, vipepeo, mioyo, majina ya watoto, michoro maelfu kwa maelfu. Unagusa unaoutaka, unaukata. Mkamwana alijaribu, na kabla hata hawajakaa vizuri kipepeo kilikuwa mkononi.

Mama Mkasi alikigeuza kipepeo kile juu chini. Hakukiona na kasoro.

"Na mchoro wangu mimi nauingizia wapi?" aliuliza.

Kijana alitabasamu. "Mama, humu mna michoro elfu kadhaa. Ya nini kujisumbua kuchora?"

Hakuwa amemkosea adabu, na Mama Mkasi mwenyewe anamtetea mpaka leo. "Alikuwa anauza kilicho bora dukani kwake," anasema. Walipouliza zaidi, akawaeleza kila kitu bila kuficha. Programu ile ilihitaji mtandao muda wote. Michoro mizuri zaidi ilikuwa ya kulipia kila mwezi. Kuingiza mchoro wako iliwezekana, ila zana zake za kuurekebisha zilikuwa chache.

Njiani kurudi walibishana, kwa mara ya kwanza tangu waishi pamoja.

"Mama, ile tungeiwasha leo, kesho tunapokea kazi!"

"Kesho tunapokea kazi ya nani? Kipepeo kile kipo katika kila mashine ya aina ile. Mteja akikitaka atakwenda kwa yeyote. Atanijia mimi kwa lipi?"

"Atakujia kwa sababu anakujua."

"Ananijua kwa mkono wangu, bibie. Si kwa sura."

Mkamwana haoni haya kusema kwamba aliitaka mashine ile. "Sifichi," anasema. "Na mpaka leo kuna siku kazi zikibana naitamani, natamani kugusa tu kitu kikatike."

Ya pili nusura iwaponze. Mama mmoja aliyefunga duka lake la kadi alikuwa anauza mashine yake iliyotumika kwa bei ya kutupa. Ilikuwa nzito, imara, kubwa kuliko ile ya dukani. Safari hii ni Mama Mkasi aliyependa. Aliipapasa, akasema hii ina mifupa. Alikuwa ameshafungua pochi, mkamwana akamwomba asubiri iwashwe kwanza na iunganishwe na kompyuta yao.

Iliwaka. Lakini programu ilikataa kuitambua. Ilikuwa imesajiliwa kwa akaunti ya mtu aliyeitumia kabla hata ya yule mama, na bila mtu huyo kuiachia, haikatai tu kukata, haisogezi hata kisu. Muuzaji mwenyewe alipigwa na butwaa. Siku zote alitumia akaunti ya mtu huyo, iliyoachwa wazi kwenye kompyuta ya dukani, na kompyuta ile ilishakufa. Alipiga simu huku na huko, hakuna aliyejua mtu wa mwanzo yuko wapi.

"Ningenunua kabati," anasema Mama Mkasi. "Tena kabati lisilo na mlango."

Siku hiyo, anasema, ndipo alipoanza kumsikiliza mkamwana wake kwa masikio yote mawili.

Mashine ya tatu waliikuta kwa fundi mmoja wa stika za magari, mtu mnene mwenye kalamu sikioni na maneno machache. Kibanda chake kilijaa vipande vya stika vilivyonata mpaka kwenye viatu. Mashine aliyokuwa anauza haikuwa na taa ya samawati wala umbo la kuposwa. Ilikuwa ya kijivu, kama mkate uliosahauliwa. Programu yake ilinunuliwa mara moja tu, bila malipo ya kila mwezi, ilifanya kazi bila mtandao, na haikuwa na michoro ya tayari hata mmoja.

"Hamna kitu humu," fundi aliwaambia. "Mnachokitaka mtakileta wenyewe. Ile ya mjini inamfundisha mtu siku moja. Hii itawatoa jasho, nisije nikalaumiwa."

Mama Mkasi alifungua mkoba, akatoa jani la karatasi alilolikata miaka mingi nyuma. Fundi alilipiga picha kwa simu, akaiingiza kwenye programu, akaiambia ifuatishe kingo. Mstari mwembamba ukatokea ukizunguka jani, kwenye kila pindo na kila tundu. Kisha akabandika kipande cha manila walichokuja nacho wenyewe, akarekebisha kina cha kisu mara mbili, akaiachia.

Jani lilipotoka, Mama Mkasi aliliweka juu ya lile la zamani. Likalala sawasawa, tundu kwa tundu.

"Ni mkono wangu," alisema. Wakanunua.

Hapa ndipo msomaji angetarajia hadithi iishe kwa vifijo. Haikuisha. Jani lile la kwa fundi lilikatwa na mkono uliokuwa mzima. Nyumbani, Mama Mkasi aliketi akachora jipya, kwa penseli, kwa mkono alio nao sasa. Alijitahidi. Kwa macho mchoro ulionekana wa kuridhisha, kwa sababu penseli ni laini na jicho husamehe. Wakaupiga picha, wakauingiza, wakaukata.

Mashine haikusamehe. Kila mruko wa penseli, kila kisigino kidogo cha mstari, ilikifuata kwa uaminifu. Jani lilitoka na kingo za msumeno.

Mama Mkasi alilichukua akaenda nalo dirishani. Alisimama huko muda mrefu akiwa amewapa mgongo.

"Kwenye chai nilikuwa naweza kusema ni kijiko," anasema. "Kwenye mkasi nikasema ni mkasi umechakaa. Pale nilikuwa sina wa kumsingizia. Mtetemo wangu ulikuwa umekatwa, umewekwa mezani, naweza kuushika."

Mkamwana hakuvumilia kumwona hivyo. Mama mkwe alipokwenda kujilaza, alirudi kwenye kompyuta, akatumia zana ya kulainisha, akaipitisha kwenye mchoro mzima. Asubuhi Mama Mkasi alikuta mezani jani jipya, laini kama lililopigwa pasi.

Alilitazama. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, ile ambayo watoto wake wote watatu wanaijua na kuiogopa: "Hili kalichora nani?"

"Ni lako, mama. Nimelinyoosha kidogo."

"Nani alikutuma uninyooshe?"

Akaliweka jani chini, akatoka. Siku kadhaa hakuingia chumba cha mbele. Alipika, alifua, alimwagilia maua ambayo hayakuwa na kiu. Mzee alijaribu kupatanisha kwa mzaha, akasema katika maisha yake yote hajaona mteja aliyerudisha suruali kwa sababu imenyooka. Hakucheka mtu.

"Nilidhani nimeharibu kila kitu," anasema mkamwana. "Nilishaanza kumwambia mume wangu kwenye simu kwamba labda nitafute chumba, tukae kwetu. Akanicheka. Akaniambia, mama akinyamaza anafikiri. Akikasirika kweli utamsikia mpaka huku niliko."

Alikuwa amesema kweli. Mchana mmoja, mkamwana akiwa peke yake anakata herufi za darasa, mlango ulifunguliwa. Mama Mkasi alivuta kigoda, akaketi mbele ya kompyuta.

"Nionyeshe ulichofanya."

"Mama, nilikosea. Nilitaka usiuone tena ule mkwaruzo."

"Nimeshauona. Si kitu cha kunificha, nalala nao kitanda kimoja. Nionyeshe."

Mkamwana alifungua mchoro wa mwanzo, akaukuza mpaka ukingo wa jani ukajaza kioo. Na hapo Mama Mkasi aliona kitu ambacho hakuwa amekitarajia. Mstari wake ulikuwa umeshikiliwa na nukta ndogondogo, mamia kwa mamia, kama shanga kwenye uzi. Kila mahali mkono uliporuka, palikuwa na nukta. Ukiiondoa nukta, mstari ulilegea na kulala. Ukiisogeza, uliinama ulikotaka.

"Kwa hiyo wewe uliziondoa zote?"

"Niliiambia programu iziondoe."

"Nayo ikaondoa na zangu."

Mkamwana hakuelewa. Mama Mkasi akamwonyesha kwa kidole: hapa mkono umeruka, hili ni la ugonjwa. Lakini hapa, kwenye shingo ya jani, kuna kijipindo nilichokitia mwenyewe, ndivyo nilivyokata majani tangu kiwandani. Programu imevifuta vyote viwili. Haijui kipi ni cha mtetemo na kipi ni cha Mama Mkasi.

"Nipishe," alisema.

Akakishika kipanya kwa mkono wa kushoto, ule ulioshindwa mkasi. Mshale ulizurura kwenye kioo kama nzi aliyelewa. Mkamwana alitaka kumsaidia, akarudisha mkono. Nukta ya kwanza ilichukua muda wa kuchemsha chai. Ya pili ikawa nafuu. Walikaa hapo mpaka mzee akaja kuuliza kama leo nyumba hii inakula, wakamwambia kuna mkate.

Jani lililotoka jioni ile halikuwa laini kama la pasi, wala halikuwa la msumeno. Mama Mkasi alilipeleka kwa mumewe, akamwuliza ni la nani. Mzee alivaa miwani, akasema, "La mke wangu. Kwani limepotea?"

Tangu siku hiyo kazi imegawanyika yenyewe. Mama Mkasi huchora kwa penseli na kuchambua nukta kwa mkono wa kushoto. Lugha ya programu ni ngeni kwake, lakini vitufe vyake kavipachika majina kwa sura zao: kimkasi, kinyota, kile cha kimkono. Mkamwana hupokea wateja, huchagua kina cha kisu na kuendesha mashine. Kadi mia mbili, zilizokuwa zikimla Mama Mkasi wiki tatu akiwa mzima, sasa huchukua siku mbili za kukata, ingawa kuchora na kuchambua huweza kula wiki nzima.

Si wateja wote waliorudi. Mzee mmoja aliyekuwa anamwozesha binti yake alikuja, akasikia sauti ya mashine, akasema kama ni hivyo basi apunguziwe, maana si kazi ya mkono tena. Mkamwana alifungua kinywa kumjibu. Mama Mkasi akamtangulia.

"Nilimwambia karibu ukae. Nikamwonyesha nukta. Akachambua tatu akashukuru, akaenda zake. Hakununua," anasema, "lakini hakuomba tena kupunguziwa."

Mapato bado hayajafikia yale ya zamani. Umeme ukikatika wanakaa. Karatasi nene sana mashine haiziwezi, na mkeka ukipoteza gundi ni lazima ununuliwe mwingine. Yapo mambo ambayo mkasi uliyafanya na mashine haitayafanya kamwe, na Mama Mkasi anayataja bila kuzunguka: ile raha ya kukunja na kufunua, ya kutojua ni ndege gani. "Hiyo imekwenda," anasema. "Sasa namjua ndege kabla hajatoka. Nimemlilia, nimemaliza."

Na kati yake na mkamwana?

"Mimi nilidhani nimeolewa na dereva," anasema mkamwana akikusanya vipande vilivyobaki mezani. "Kumbe nimeolewa na mkasi."

"Tena mkasi mkali," anaongeza mavyaa wake.

Hivi sasa, ukutani kwenye chumba hicho, imebandikwa karatasi ndefu kuliko meza. Muuguzi mmoja aliyeziona kadi zao kwenye harusi ya ndugu yake amewaomba wapambe madirisha ya chumba cha kusubiria katika wodi ya wazazi, kwa stika nyeupe inayopitisha mwanga. Wanawake wanaokaa pale wakisubiri zamu yao, alisema, hawana cha kutazama ila ukuta wa jirani. Ni kazi kubwa kuliko zote alizowahi kuzipata Mama Mkasi, na mashine itabidi iikate vipande vipande viungane kwenye kioo.

Mama Mkasi amekwisha kuanza. Juu ya karatasi kuna nyasi ndefu, mabua kwa mabua, kutoka ukingo hadi ukingo. Anachora akiwa amesimama, mkono wa kulia ukiruka kila baada ya shubiri, wala haonekani kuuzuia.

"Hizi sitazichambua sana," anasema bila kugeuka. "Nikizinyoosha zitakuwa fimbo. Nataka mama aliyekaa pale na uchungu wake azitazame aone zinapepea. Mkono wangu utatia upepo."

Anarudi nyuma hatua moja, anainamisha kichwa, anatazama.

"Mama," mkamwana anamwambia kutoka kwenye kompyuta, "upepo usizidi. Kila bua nitalibandua mimi kwa kucha."

"Basi kata kucha zisikusumbue," anajibu Mama Mkasi, na penseli inaendelea kupanda.